Mfugaji wa Vidung'ata

Kwa miaka ishirini na sita mwanamke huyo alikuwa akiamka kila siku ya kazi kwenda kulisha wadudu waharibifu, na katika miaka yote hiyo hakukosekana mtu wa kumcheka. Majirani walimwita Mama Unga. Jina lilitokana na vitone vyeupe vilivyong'ang'ania kwenye mikono ya blauzi yake kila aliporudi nyumbani, na mwenye duka la kona hakuchoka kumwuliza leo amesaga debe ngapi. Zamani alikuwa akimjibu, tena kwa majibu makali yaliyowachekesha wateja. Siku hizi alinyosha mkono tu, akapokea sabuni yake na kuondoka, kwa sababu miguu ilikuwa imevimba na mzaha ule ulikuwa umezeeka kumshinda yeye mwenyewe.

Nao haukuwa unga. Ilikuwa nta. Vidung'ata ni ukoo mkubwa wa wadudu wadogo, wengi wao hawafikii ukubwa wa punje ya mchele, ambao majike yao hawana mabawa wala haraka. Hujibandika kwenye ncha changa ya mmea, huchomeka mdomo mwembamba kama unywele na kuanza kufyonza. Kisha hujifunika nta nyeupe, mpaka ukadhani mtu amepita hapo na kiganja cha unga. Wapo wa mipapai, wapo wa mananasi, wapo wa michungwa, mikahawa na mizabibu. Waliomwajiri Mama Unga, kama alivyopenda kusema enzi za kucheka kwake, ni wale wa mihogo. Hao hutia mate yenye sumu kwenye ncha, majani yakajikunja kama ngumi ya mtoto mchanga, shina likadumaa, na mkulima akichimba akakuta mizizi iliyokonda kama vidole vya mgonjwa. Tena hawahitaji dume. Jike mmoja aliyepeperushwa na upepo, au aliyejificha kwenye pingili iliyobebwa kwa nia njema kupelekwa kwa shangazi, anatosha kuanzisha ukoo mzima upya.

Alikuwa akiwafuga kwa sababu alikuwepo wa kuwala. Nyumba ya wavu ya kituo cha utafiti ilikuwa na vyumba viwili. Chumba cha kwanza kilikuwa cha vidung'ata: vyungu mia na ishirini vya mihogo iliyodumaa, juu ya meza ambazo miguu yake ilisimama ndani ya makopo ya maji yenye mafuta ili sisimizi wasipande. Sisimizi ndio walinzi wa vidung'ata. Huramba maji matamu wanayoyatoa, na kwa malipo hayo humfukuza kila adui anayesogea. Chumba cha pili kilikuwa cha adui huyo, kinyigu, yaani nyigu mdogo mno, asiyeuma mtu, ambaye ukimwona kwenye kioo cha dirisha utadhani ni doa. Kinyigu jike humchoma kidung'ata na kutaga yai moja ndani yake. Yai huwa funza, funza humla mwenyeji wake polepole kutoka ndani, na kidung'ata huvimba, hupoteza weupe wake, akageuka ganda la kahawia lililokauka. Mtu yeyote akiliona ganda hilo atasema mdudu amekufa, na kweli amekufa. Lakini ndani yake kuna kinyigu anayesubiri kutoboa tundu la mviringo na kutoka. Kila mwanzo wa kiangazi, vidung'ata wanapozaana kwa kasi, maganda hayo hupelekwa kwa wakulima katika mifuko ya karatasi, na mashamba ambayo yangekufa hupata nafuu. Hiyo ndiyo kazi iliyokuwa ikichekwa na mwenye duka.

Ilikuwa na sheria yake moja isiyovunjwa. Asubuhi unaingia chumba cha kwanza, alasiri unaingia cha pili, na kamwe hurudi nyuma, kwa sababu kinyigu mmoja akinasa kwenye nguo zako ataimaliza akiba yote ya vidung'ata, na bila vidung'ata vinyigu nao watakufa njaa. Ukitoka chumba cha pili unavua koti na kilemba, unavikung'uta, unavitundika kwenye msumari ulio nyuma ya mlango. Mama Unga aliivunja sheria hiyo mara moja tu. Ilikuwa msimu uliopita, alipopigiwa simu alasiri kwamba mdogo wake wa kike amezidiwa na homa. Alivua koti akakimbia, na hakukumbuka kilemba mpaka siku ya tatu, akiwa ameinama kwenye shamba la mdogo wake akimpalilia mihogo. Alikifua, akakirudisha, hakumwambia mtu. Jambo hilo lilimkaa rohoni kama jiwe dogo ndani ya kiatu.

Mdogo wake huyo, mkulima kutoka miguuni hadi utosini, alimpigia simu Jumapili moja, miezi minne kabla Mama Unga hajafikia siku ya kustaafu. Alimweleza kwamba wadudu wake wameingia tena shambani. Kwamba ameanza kumwaga majivu kuzunguka mashina, na wa upande wa chini wameanza kukauka na kuwa kahawia, lakini wa upande wa juu bado wamejaa tele. Na kwamba mumewe ameleta dawa, Jumamosi wananyunyiza. Mama Unga alikuwa amelala chali, miguu juu ya mto. Alimsikiliza kama mtu anavyosikiliza mvua. Alimwambia wafunge vitambaa puani na wasichume majani kwa wiki kadhaa, akaaga, akafumba macho.

Jumatatu yake, mkuu mpya wa kituo alikuja kukagua nyumba ya wavu.

Mkuu huyo alikuwa na shahada ya udaktari katika mambo ya utawala, na wote walimwita Daktari. Katika miezi sita tangu ahamishiwe pale hakuwa amegusa jani. Sasa wageni kutoka makao makuu walikuwa wanakuja Alhamisi, na yeye alitembea katikati ya meza akiwa ameinua suruali kidogo kwa vidole viwili, leso puani, akitazama majani yaliyonata, ukungu mweusi uliomea juu ya yale maji matamu, na maganda ya kahawia yaliyotapakaa kila mahali katika chumba cha pili. Aliuliza ni kwa nini mizoga haiondolewi.

Mama Unga alimweleza. Alimweleza kwa utaratibu, kama alivyowahi kuwaeleza wakuu wanne waliomtangulia, kwamba ile haikuwa mizoga bali ndiyo mazao yenyewe ya chumba kile, na kwamba mwezi ujao mifuko mia tatu ilitakiwa kwenda kwa wakulima. Daktari alitikisa kichwa huku akitazama saa.

"Mama, mimi siingilii taaluma yako," alisema. "Lakini mgeni akiingia hapa anaona nini? Anaona uchafu. Walio hai waacheni, wageni wawaone. Waliokufa watolewe."

"Hao unaowaita waliokufa ndio walio hai, Daktari."

"Tutalizungumza ukirudi semina."

Kwa maana Mama Unga alikuwa amepangiwa semina ya wanaokaribia kustaafu, Jumanne na Jumatano, katika ukumbi wenye viti vya plastiki. Siku mbili nzima watu wenye mvi walifundishwa namna ya kufuga kuku. Mkufunzi, kijana aliyevaa tai ndefu kupita kiasi, alimwuliza Mama Unga kama amewahi kufuga chochote maishani. Alijibu kwamba amefuga kidogo. Kabla ya kuondoka alikuwa amemwachia mfagizi wa kituo funguo za chumba cha pili, kama alivyofanya siku zote, ili amwagilie vyungu.

Alhamisi asubuhi alikwenda chumba cha kwanza kama kawaida, akawakuta vidung'ata wake salama, wanene, weupe pe. Lakini harufu iliyotoka upande wa pili wa ukuta haikuwa harufu ya kazi. Ilikuwa ya sabuni ya maua na dawa ya mbu. Kwa mara ya kwanza katika miaka ishirini na sita hakusubiri alasiri.

Chumba cha pili kilikuwa kinang'aa. Kila jani lilikuwa limefutwa moja moja kwa kitambaa chenye sabuni. Vizimba vya shashi vilikuwa wazi, vimekung'utwa na kukunjwa vizuri kwenye rafu. Visahani vya vioo alimohifadhi maganda yaliyokwisha kuvunwa vilikuwa vimeoshwa na kupangwa kimoja juu ya kingine. Nje, nyuma ya ukuta, kulikuwa na doa jeusi la moto uliozimika.

Mfagizi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. Alikuwa mtu mzima mwenye bidii, na alikuwa amefanya kazi ile hadi giza kuingia ili amfurahishe.

"Niliambiwa waliokufa niwatoe, mama," alisema. "Nikawaangalia vizuri. Wale weupe wanatembea, sikuwagusa mpaka nao walipokufa kwa dawa ya mbu niliyopulizia kwa sababu ya wageni. Wale wa kahawia niliwagusa kwa kijiti, hawatingishiki."

Kumgombeza hakukuwa na maana. Alikuwa ametumwa, tena ametumwa vibaya, na aliyemtuma wakati huo alikuwa langoni akipokea wageni. Mama Unga alikaa kitako kwenye kigoda chake. Alichoweza kufikiri ni kwamba katika kituo kizima sasa kulikuwa na maelfu ya wadudu waharibifu walioshiba, na hakukuwa hata na adui wao mmoja. Wageni walipoingia walikisifu chumba. Mmoja aliandika katika kitabu cha wageni kwamba hajawahi kuona maabara ya wadudu isiyo na wadudu, na Daktari alicheka kwa sauti kubwa kuliko wote.

Jioni, wageni walipoondoka, alikwenda ofisini kwa mkuu na kumweleza bila kupandisha sauti kwamba kizazi kizima cha vinyigu kimeteketezwa, kwamba kiangazi kinaanza baada ya wiki tano, na kwamba wakulima waliokwisha kuandikishwa hawatapata chochote. Daktari alikuwa ameelewa, na uso wake ulionyesha kwamba ameelewa. Jambo hilo ndilo lililomchukiza Mama Unga zaidi. Daktari alisema wataagiza vinyigu wengine kutoka nje. Mama Unga alimkumbusha kwamba safari iliyopita vibali peke yake vilichukua miezi minane. Hapo Daktari alisogeza karatasi mezani na kusema kwamba, kwa sasa, ripoti iseme vinyigu walikufa kwa joto.

"Joto gani?" aliuliza Mama Unga.

"Joto tu, mama. Hali ya hewa."

Alitoka bila kugusa kalamu. Kwenye mlango wa chumba cha pili kulikuwa na kadi ambayo kila siku aliandika kwa penseli idadi ya maganda. Aliandika: Sifuri. Wamechomwa moto.

Ijumaa yote alipekua. Alipita na lenzi yake ya mkono chini ya kila jani, ndani ya kila mkunjo wa shashi, kwenye mapindo ya pazia, hata ndani ya makopo ya maji. Alipata vinyigu kumi na mmoja, wote wamekauka kwenye kizingiti cha dirisha, miguu juu. Mgongo ulikuwa ukimwuma kiasi kwamba alilazimika kukaa kila baada ya meza mbili. Alivua kilemba, akakikung'uta kwa mazoea tu, kwani hakukuwa na cha kukung'uta, na mkono ukiwa bado umeshika kitambaa kile akasikia masikioni mwake maneno ya Jumapili: wameanza kukauka, wamekuwa kahawia.

Majivu hayamfanyi kidung'ata awe kahawia. Kama kulikuwa na mtu mmoja duniani aliyepaswa kulijua hilo hata akiwa usingizini, ni yeye. Aliambiwa waziwazi, kwa sauti ya ndugu yake wa tumbo moja, na yeye akajibu habari za vitambaa vya puani. Alipiga simu. Haikupatikana. Akapiga tena na tena mpaka kidole kikachoka, kisha akaenda nyumbani kufungasha.

Alifika shambani Jumamosi jua likiwa limetoka kidogo tu, umande bado umekaa juu ya majani. Shemeji yake alikuwa amechuchumaa kando ya ndoo, anakoroga dawa kwa fimbo, pampu ya kubeba mgongoni imelala pembeni yake ikiwa wazi. Shemeji huyo alikuwa mtu wa utani, hata siku za msiba.

"Karibu, shemeji," alisema. "Umewahi mazishi. Leo nachinja mifugo yako yote."

"Usimimine kwanza hiyo dawa. Tafadhali."

Mdogo wake alitoka katikati ya mistari ya mihogo akiwa amejifunga kitambaa puani. Alikishusha, akamtazama dada yake, akaona viatu vilivyolowa na uso usiolala, akauliza nani amekufa. Mama Unga alisema hakuna aliyekufa, ila anaomba wasinyunyize kwa siku kumi.

Mdogo mtu alicheka bila furaha. "Siku kumi," alirudia. "Dada, mwaka jana nilichimba mashina mia mbili, nikapata mizizi ya karai moja. Ulikuja, ukatazama kwa hicho kioo chako, ukaandika, ukaondoka. Nikasema sawa, mwenye elimu yake ameandika. Mwaka huu nimeamua mwenyewe, unakuja kuniambia nisubiri. Nisubiri nini? Wewe wakila unapandishwa cheo. Mimi wakila, watoto wananitazama machoni."

"Sijapandishwa cheo tangu ulipoolewa."

"Basi hiyo ni miaka mingi, maana hata mimi nimesahau kama nilioa," alisema shemeji, lakini hakuna aliyecheka, akarudi kukoroga, polepole zaidi.

Mama Unga hakuwa na nguvu za kutengeneza hotuba. Aliingia upande wa chini wa shamba, akainama, akageuza ncha ya kwanza aliyoikuta. Majani yalikuwa yamejikunja vilevile kama ya vyungu vyake. Katikati yao kulikuwa na weupe, na katikati ya weupe, maganda matano ya kahawia yaliyovimba. Alipiga magoti kwenye tope. Alimpa mdogo wake lenzi na kumwonyesha ganda lenye tundu dogo la mviringo, kama lililotobolewa na ncha ya sindano.

Halafu alimweleza yote, tangu kilemba. Kwamba siku zile za homa alikuja na kitambaa kilichotoka chumba cha vinyigu, akapalilia nacho siku tatu. Kwamba walioangukia hapa walizaana bila mtu kujua. Kwamba Jumatano vinyigu wote wa kituo wamechomwa moto kwa ajili ya usafi. Kwamba kokote anakokujua yeye, waliobaki ni hawa.

"Kwa hiyo ni wewe uliyeniletea," alisema mdogo wake taratibu.

"Wadudu hapana. Nilikuletea anayewaua, tena bila kukusudia. Na kosa langu la pili ni kwamba Jumapili uliniambia, nami sikukusikiliza."

"Na wale wa juu, mbona weupe?"

Mama Unga aliyatazama mashina. Upande wa chini kila shina lilikuwa na pete nene ya majivu. Upande wa juu hakukuwa na kitu, na misafara ya sisimizi ilikuwa ikipanda na kushuka kwa utulivu, kama watumishi wa ofisi yenye bajeti. Aliyatazama kwa muda mrefu. Miaka ishirini na sita ya makopo ya maji na mafuta, na mdogo wake alikuwa amefanya jambo lilelile kwa jivu la jikoni.

"Majivu yako yamewazuia walinzi," alisema. "Kinyigu akikuta sisimizi, anafukuzwa kabla hajataga. Huku chini kakuta mlango wazi. Mimi nilimleta tu. Aliyemfungulia ni wewe."

Mdogo wake aliinua lenzi tena, akalitazama lile tundu, kisha akamtazama mumewe kwa jicho ambalo shemeji alilielewa vizuri, kwa kuwa ndiye aliyemwambia aache katikati, kwamba majivu ni kupoteza muda.

"Siku kumi," alisema hatimaye. "Ya kumi na moja tunanyunyiza, hata ukijilaza kwenye mstari. Na hizo siku kumi unakaa hapa. Majivu ya upande wa juu unamwaga wewe."

Alichukua likizo yake iliyobaki, kwa simu, na akamwaga majivu. Mtu aliyekaribia kustaafu, mwenye mgongo wake ule, alibeba jivu kwa karai kutoka jikoni kwa mdogo wake, na lilipokwisha akaenda kuomba kwa majirani, shina kwa shina, mstari kwa mstari. Mvua ndogo ya siku ya tatu iliyaosha yote, akaanza upya. Alikusanya maganda sitini na manne yasiyotoboka, akayaweka ndani ya chupa pana iliyofungwa kitambaa chepesi, tone la asali likiwa limepakwa upande wa ndani. Siku mbili za kwanza hakutoka hata mmoja. Siku ya nne walitoka saba. Siku ya tano, mmoja. Shemeji alikuwa akipita kila asubuhi kuuliza hali ya wagonjwa.

Daktari alipiga simu mara mbili. Mara ya kwanza alitaka saini kwenye ripoti ya joto. Mama Unga alimwambia yuko likizo. Mara ya pili alisema kwa sauti ya upole kwamba mtu aliyebakiza miezi minne hana sababu ya kutafuta ugomvi. Mama Unga alikuwa na karai kichwani, simu ameibana kwa bega. Alisema ni kweli, hana sababu, na akakata, kwa kuwa jivu lilikuwa linamwingia machoni.

Jambo ambalo hakulitarajia ni mdogo wake. Siku ya sita aliomba lenzi, hakuirudisha. Alizunguka nayo shingoni ikining'inia kwenye uzi, akipalilia, akipika, akigombeza watoto, na mara kwa mara alionekana amesimama kimya mbele ya mche mmoja kwa muda mrefu kuliko palizi inavyohitaji.

Asubuhi ya kumi na moja shemeji alijaza pampu kama walivyopatana. Alikuwa mtu wa neno lake. Aliiinua mgongoni, akafunga mikanda, akasimama mwanzo wa mstari wa juu akisubiri. Mama Unga alikuwa amekaa kwenye ndoo iliyogeuzwa. Hakuwa amebakiza hoja yoyote. Alijua kwamba siku kumi hazitoshi kufufua shamba. Alijua tangu mwanzo, na aliomba kumi kwa sababu ishirini angekataliwa. Chupani mwake kulikuwa na vinyigu arobaini na mmoja. Arobaini na mmoja waliweza kuanzisha chumba, lakini wangeweza pia kufa wote kwa siku moja mbaya ya safari, na hapo shamba hili ndilo lingekuwa akiba pekee.

Mdogo wake aliingia mstari wa juu peke yake. Waliona kitambaa chake kikizama na kuibuka, kikizama na kuibuka. Alihesabu ncha ishirini. Alirudi amelowa umande hadi kiunoni.

"Kumi na mbili zina kahawia," alisema. "Nane ni nyeupe tupu. Juzi zilikuwa tatu tu zenye kahawia, nilihesabu."

"Hata kwenye hizo kumi na mbili, weupe bado ni wengi kuliko kahawia," alisema Mama Unga. Hakuona sababu ya kumdanganya.

"Nimeona. Nina macho." Alimgeukia mumewe. "Tua hiyo pampu."

"Tuache shamba lote au nusu? Naweza kuanzia kule kwenye zile nane."

"Dawa inapeperuka, baba watoto. Itue." Halafu akamwambia dada yake, bila kumtazama, huku akifungua uzi wa lenzi shingoni na kuufunga tena palepale ulipokuwa: "Nikichimba nikapata karai moja, nahamia kwako na watoto wote."

"Uje na karai lenyewe. Langu limetoboka kwa jivu lako."

Safari hii walicheka, wote watatu, kicheko kifupi cha watu wenye kazi mbele yao. Lenzi Mama Unga aliiacha ilipo.

Alirejea kituoni na chupa kifuani, ndani ya shali. Vinyigu watatu walikufa njiani. Asubuhi aliingia chumba cha kwanza, akachagua vyungu kumi vyenye vidung'ata wa umri unaofaa, akavitoa mlangoni. Mfagizi alivipokea na kuvipeleka chumba cha pili, ambako bila kuambiwa na mtu alikuwa ameosha kuta kwa maji matupu siku nne mfululizo mpaka harufu ya dawa ikaisha. Alikuwa pia amebadilisha maji na mafuta katika makopo yote. Alisimama nje ya kizingiti, hakuthubutu kuingia.

Alasiri Mama Unga alifungua kitambaa cha chupa ndani ya kizimba. Vinyigu hawakutoka kwa kishindo. Mmoja alitambaa ukingoni, akapangusa vipapasio vyake, akaruka hadi kwenye jani. Wengine walifuata kila mmoja kwa wakati wake. Alimwita mfagizi, akampa kigoda akae, akamwonyesha kinyigu aliyekuwa akimgonga kidung'ata kwa vipapasio kama daktari anayempima mgonjwa kifua. Walitazama mpaka akainama na kuchoma. Mama Unga alimwambia kwamba yule mweupe atakuwa kahawia baada ya siku chache, na kwamba hapo ndipo kazi inapoanza. Mfagizi alitikisa kichwa mara nyingi. Hakuna aliyekuwa ameteuliwa kushika nafasi ile baada ya miezi minne. Mama Unga aliuliza mara tatu kwa barua, hakujibiwa hata moja.

Mifuko mia tatu haikupatikana msimu ule. Hilo alilijua, na alijua pia kwamba kuna mashamba yatakayokauka kwa sababu ya leso moja iliyowekwa puani. Ripoti ya joto ilikuwa bado mezani kwa Daktari, mahali pa saini pakiwa peupe. Yeye alichukua penseli na kuandika kwenye kadi ya mlangoni, chini ya ule mstari wa sifuri: Thelathini na wanane, kutoka shamba la mdogo wangu, walikofika kwenye kilemba changu msimu uliopita. Akaweka tarehe na jina lake kamili, ambalo hakuna aliyekuwa amelitumia kwa muda mrefu.

Alivua koti, akalikung'uta, akalitundika kwenye msumari. Aliinua mikono kuvua kilemba, ikafika kichwani, ikatulia hapo. Ilikuwa Ijumaa, na kesho yake alikuwa ameahidi kwenda kusaidia mstari wa juu. Alikikaza kilemba bila kukikung'uta, akafunga mlango, akatoka nacho taratibu kwa sababu ya miguu.